Jinsi ya kuandika hadithi ya mtoro kwa wasomaji wa miaka 10 hadi 13

Mtajie mwanafunzi wa leo neno "mtoro" na atamfikiria mwenzake aliyeruka ua la shule kwenda kuogelea. Miaka mia moja na arubaini iliyopita, huku Malindi na Takaungu, pwani ya Kenya, mtoro alikuwa mtumwa aliyelikimbia shamba la bwana wake. Watoro walikuwa wengi hata wakajenga vijiji vyao porini. Mimi huanzia kwenye neno hilo kila ninapoandika juu ya utumwa na uasi kwa vijana. Hivi ndivyo ninavyofanya.

Hatua ya 1: Chagua mwaka kabla ya mhusika

Mwaka ndio unaoamua mhusika wako amefikaje na nani anaweza kumfukuza. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, na soko la Unguja likafungwa. Lakini kumiliki mtumwa kuliendelea kuwa halali: Unguja na Pemba hadi 1897, pwani ya Kenya hadi 1907, Tanganyika hadi 1922. Baada ya mkataba, misafara mingi kutoka Kilwa ilipita nchi kavu kuelekea kaskazini, ikikwepa manowari za Waingereza. Kwa hiyo Mnyasa mdogo, yaani mtoto kutoka upande wa Ziwa Nyasa, aliyefikishwa Malindi mwaka 1874 huenda alitembea kwa miguu. Ukimpandisha jahazi, basi iwe magendo, usiku, na nahodha mwenye wasiwasi.

Hadithi yangu iko mwaka 1880. Biashara ya baharini imekatazwa, shamba bado lipo, na hakuna sheria ya kumtetea.

Hatua ya 2: Mpe kazi, kisha majina mawili

Usianze na mnyororo. Anza na jembe. Mashamba ya Malindi yalilima mtama na ufuta, na kazi ya siku ilipimwa kwa ngwe, yaani kipande cha shamba ambacho kila mtu alipaswa kukimaliza. Juu ya wakulima alikuwepo nokoa, msimamizi ambaye mara nyingi naye alikuwa mtumwa. Usimwache huyu! Mtoto anayesoma atamchukia ukurasa wa tano na kumwonea huruma ukurasa wa thelathini.

Mabwana waliwapa watumwa majina mapya: Baraka, Mabruki, Feruzi, Almasi. Mhusika wangu shambani anaitwa Baraka. Jina alilopewa na mamake analo moyoni tu, na msomaji halioni mpaka mwisho.

Hatua ya 3: Tafuta uasi mdogo kwanza

Waandishi wengi wachanga hukimbilia bunduki na moto. Kabla ya hapo, onyesha kitu kidogo ambacho msomaji mwenyewe anaweza kukifanya au kukikataa. Mimi nilitumia salamu. Inasemekana "shikamoo" imetokana na "nashika miguu yako", maneno ya mnyonge kwa mkubwa wake. Msomaji wako ataisema kesho asubuhi kwa bibi yake, kwa heshima na mapenzi, ndiyo maana tukio hili linamgusa. Rasimu yangu ya kwanza ilisema: "Baraka alikuwa na uchungu mwingi na alitamani uhuru." Nikaifuta, nikaandika hivi:

"Nokoa alisimama mbele yake akingoja. Baraka aliinama, akaokota jembe, akapangusa udongo kwenye mpini. 'Umekuwa bubu?' nokoa aliuliza. 'Nina ngwe ya kumaliza,' Baraka akajibu, na jembe likashuka."

Neno uhuru halimo. Kuhusu viboko, onyesha mara moja tu, tena kwa alama zake: mtu anayelala kifudifudi, shati lililogandamana na mgongo. Ukirudia rudia, mtoto huzoea, na hapo umeshamharibu.

Hatua ya 4: Jibu swali la chakula

Niliwasomea wanafunzi wa gredi ya sita sura ya kutoroka. Nilijivunia sana ile mbio ya usiku. Msichana mmoja wa nyuma akauliza, "Walikula nini?" Sikuwa na jibu, na sura ikaanguka palepale.

Piga hesabu. Mtama huiva kwa miezi mitatu hadi minne. Mtoro aliyefika msituni na kipande cha nguo tu atakula nini mpaka mavuno? Ataomba kwa Wagiriama, wenyeji wa bara ya pwani hiyo, atafanya kibarua, au atarudi usiku kuiba kwenye shamba lilelile alilolikimbia. Yote hayo yalitokea. Kuna Wagiriama waliowahifadhi watoro, na wapo waliowarudisha au kuwauza. Watoro nao walivamia majirani. Usisafishe mambo haya. Kijiji cha Fuladoyo, bara ya Takaungu, kiliwaweka pamoja watoro na Wagiriama Wakristo, na mabwana wa Takaungu hawakukipenda hata kidogo. Hapo utapata mgogoro wa sura tatu bila kubuni jitu katili.

Hatua ya 5: Usimalizie kwa karatasi ya Mzungu

Mwanzoni mwa 1889, watoro takriban 1,400 waliokuwa Rabai na misheni za karibu walipewa hati za uhuru, baada ya kampuni ya Waingereza kuwalipa mabwana fidia. Soma tena: waliolipwa ni mabwana. Watoro wenyewe walikuwa wameshalima, wameoa na kuzaa kabla karatasi haijafika. Itaje ukitaka, lakini si kwenye ukurasa wa mwisho.

Hadithi yangu inaishia msituni, jioni ya mavuno ya kwanza. Mwanamke mmoja Mnyasa, aliyefika wiki ile, anamtazama Baraka kwa muda mrefu ng'ambo ya moto, kisha anamwita kwa jina la kwao. Baraka anachelewa kuitika. Hajalisikia kwa miaka sita.