Kupanga mataa ya Magomeni kwa SUMO

Kila anayekwama Magomeni jioni ana dawa ileile: waongeze kijani upande wetu. Sawa, lakini sekunde hizo anyang'anywe nani? Swali hilo mimi hulipeleka kwenye SUMO, programu ya bure ya kuiga mwendo wa magari kwenye kompyuta, iliyoanzia DLR, taasisi ya anga ya Ujerumani. Laptopu ya kawaida inaimudu.

Kabla ya kompyuta, hesabu magari. Kaa mahali unapoona makutano yote, rekodi kwa simu saa nzima ya foleni, kisha uhesabu ukiwa umetulia: Morogoro Road wanaonyoosha, wanaokata kulia, halafu Kawawa vivyo hivyo. Angalia pia njia moja, yaani mstari mmoja wa magari, hupitisha magari mangapi kijani kikiwaka. Vitabu hukadiria 1,800 kwa saa, yaani gari moja kila sekunde mbili. Daladala iliyosimama kona kupakia abiria haimo vitabuni, kwa hiyo amini video yako.

Mataa huenda kwa zamu, kila kundi na kijani chake: Morogoro Road wanaonyoosha, Morogoro Road wanaokata kulia, Kawawa wanaonyoosha, Kawawa wanaokata kulia. Tuseme njia iliyojaa zaidi katika kila zamu ina magari 540, 180, 450 na 90 kwa saa. Gawa kwa 1,800, upate 0.30, 0.10, 0.25 na 0.05. Jumla 0.70. Kila zamu hupoteza sekunde 5 (njano 3, nyekundu ya pande zote 2), kwa hiyo zamu nne ni 20. Fomula ya Webster ya mwaka 1958, ya kupata urefu wa mzunguko mzima wa zamu zote, inasema: zidisha 20 kwa 1.5, ongeza 5, kisha gawa kwa 1 kutoa 0.70. Unapata kama sekunde 117; mimi nachukua 118 ili igawanyike vizuri. Ukitoa zile 20 zinabaki 98 za kijani, ambazo kwa uwiano uleule ni 42, 14, 35 na 7.

Jumla hiyo ikifika 0.90, fomula inadai mzunguko wa sekunde 350. Hapo usijisumbue na mataa, barabara imejaa. Ubungo waliishia kujenga barabara za juu.

Halafu kuna waenda kwa miguu. Kwa mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde, mwenye mita 24 za kuvuka anahitaji sekunde 20. Anayevuka Morogoro Road huvuka Kawawa ikiwa na kijani, na 35 zinamtosha. Hesabu ya magari ingetoa 15, zamu ingebidi irefushwe kwa ajili yake.

Sasa endesha osmWebWizard.py iliyo kwenye folda ya tools. Chagua eneo la Magomeni kwenye ramani na uweke tiki kwenye uendeshaji wa kushoto. Safari inazotunga yenyewe ni za kubahatisha; zifute, uingize idadi ulizohesabu. Kisha ndani ya netedit, programu ya SUMO ya kurekebisha barabara na mataa, hakiki njia moja moja, hasa zile za mwendokasi katikati, ziwe za mabasi tu.

Bonyeza T, bofya makutano, uone jedwali la zamu. Kila mstari una muda na msururu wa herufi, moja kwa kila uelekeo: G kijani, y njano, r nyekundu. Ipo pia g ndogo, kijani cha "pita ukiwa umepisha wengine". Kwa wanaokata kulia hapa siiweki kamwe. Dereva anatazama magari yanayokuja mbele yake, kumbe basi la mwendokasi linatokea nyuma, ubavuni kwake kulia.

Jambo moja huwadanganya wengi: gari likikwama sekunde 300, SUMO huliondoa pale na kulipeleka mbele. Foleni inayeyuka kimiujiza, nawe unadhani umepanga vizuri. Kwenye amri ya kuendesha SUMO andika --time-to-teleport -1 ili magari yabaki, na --tripinfo-output upate faili ya matokeo. Humo soma timeLoss, yaani muda ambao kila gari limepoteza, ukitenganisha kila upande. Wastani wa wote huficha mateso ya Kawawa.

Ukimaliza, tengeneza mpango wa pili unaomwiga trafiki: Morogoro Road kijani sekunde 180 mfululizo. Uendeshe kwa magari yaleyale, ulinganishe. Ukienda kwa wahusika beba matokeo yote mawili, maana jambo la kwanza watakalokuambia ni kwamba trafiki anaweza kuliko taa.