Kabla hujafungua nati ya sampo (bakuli la oili chini ya giaboksi): oili na filta za giaboksi ya otomatiki kwenye lori

Lori kukosa pedeli ya klachi si ushahidi kwamba giaboksi yake inatumia ATF, yaani oili ya giaboksi za otomatiki. I-Shift ya Volvo, Opticruise ya Scania na Powershift ya Mercedes-Benz ni giaboksi za manyuali ambazo kompyuta ndiyo inayoingiza gia, na humo ndani kuna oili ya gia. Ukizijaza ATF, meno yatalika. Maelezo haya yanahusu giaboksi za kampuni ya Allison za mfululizo wa 3000 na 4000, otomatiki halisi yenye torki-konveta (kifaa kinachopitisha nguvu ya injini kwa oili), ambayo utaikuta kwenye malori ya taka, magari ya zimamoto na malori ya kuchanganyia zege. Kwa hiyo kazi inaanza kwa kuingia chini ya gari, kufuta tope kwenye kibati cha giaboksi na kusoma ni modeli gani.

Jambo la pili ni muda, na hapo ndipo wenye magari wengi wanapokosea kwa kuangalia kilomita peke yake. Allison inatoa vipimo vitatu, yaani kilomita, saa za injini na miezi, na kinachotangulia kufika ndicho kinachoamua. Kwa kazi nzito yenye kusimama na kuondoka mara kwa mara, ukitumia oili ya sintetiki ya daraja la TES 295 (kiwango cha ubora cha Allison) na filta halisi za Allison za uwezo mkubwa, oili hubadilishwa kila kilomita 240,000, saa 6,000 au miezi 48. Filta ni kila kilomita 120,000, saa 3,000 au miezi 36. Sasa chukua lori la taka linalotembea kilomita 60 kwa siku huku injini ikiunguruma saa 10. Saa 3,000 zitatimia baada ya siku 300 za kazi, wakati geji ya kilomita inasoma 18,000 tu. Anayesubiri 120,000 anaendesha na filta iliyokwisha kwa miaka.

Ratiba hiyo ndefu si ya kila oili. Ukiweka oili ya madini ya aina ya Dexron III, ambayo iko kwenye daraja la TES 389, kazi nzito inakurudisha kwenye kilomita 20,000, saa 500 au miezi 6. Dumu lake ni rahisi dukani, lakini piga hesabu ya mwaka mzima kabla hujafurahia bei. Daraja la TES 668 limekuja kuchukua nafasi ya TES 295, kwa hiyo usishtuke ukilikuta kwenye dumu jipya. Kinachotafutwa ni namba ya idhini ya Allison iliyoandikwa kwenye lebo. Dumu lililoandikwa tu "linafaa kwa giaboksi zote" liache dukani.

Kuhama kutoka oili ya madini kwenda sintetiki kunahitaji oili ya kutosha kubadilisha mara mbili. Giaboksi ya 3000 yenye sampo ya kina cha inchi 4 hubeba takriban lita 27 ikiwa tupu kabisa, lakini ukifungua nati zinatoka kama 18. Zile 9 zimebaki kwenye konveta, kwenye kula (kipoza oili) na kwenye mabomba, na zitachanganyika na oili mpya. Ukibadilisha mara moja tu, usijipe ratiba ya sintetiki. Kwa 4000 yenye sampo ya inchi 4, andaa lita 37 hivi za kujazia, na moja mbili za akiba.

Nunua seti nzima ya filta. Ndani yake kuna filta mbili, ya presha kuu na ya vilainishi, pamoja na gasketi na o-ringi (mipira ya duara ya kuzibia) za vifuniko. Fundi akikuambia o-ringi za zamani bado nzima, mwonyeshe mpya ziko mezani. Andaa pia spana ya torki, beseni la kubeba zaidi ya lita 20 (kwa 4000, zaidi ya 37), vitambaa visivyoacha nyuzi, na faneli ambayo haijawahi kugusa kuleni (maji ya kupozea injini) ya rejeta. Hili la faneli si ushamba: kuleni kidogo tu ikiingia, inaharibu bitana za klachi.

Lori lisimame mahali tambarare, breki ya mkono imekazwa, kabari kwenye matairi. Oili imwagwe ikiwa ya vuguvugu ili uchafu utoke nayo, ila vaa glavu, maana baada ya safari inaweza kuwa na nyuzijoto 90.

Inapomwagika, usiondoke. Rangi kufifia au kuwa nyeusi kidogo peke yake si hukumu. Harufu ya kuungua ni dalili ya klachi kuteleza. Rangi ya maziwa ni maji au kuleni, mara nyingi kutoka kwenye kula iliyotoboka, na hapo kubadilisha oili ni kupoteza pesa mpaka kula ishughulikiwe na giaboksi ikaguliwe kwa kufunguliwa. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ya nati ni wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole si vya kawaida, lori lisitoke.

Kwenye kufunga, paka o-ringi ATF safi, kisha sukuma kifuniko kwa mkono mpaka kikae. Usikivute kwa bolti, kitapinda au kupasua sampo. Bolti za vifuniko hukazwa Nm 51 hadi 61, nati ya kumwagia Nm 25 hadi 32.

Kipimo cha oili ndicho kinachoua giaboksi zilizohudumiwa vizuri. Ikizidi, sehemu zinazozunguka zinaipiga mpaka inatoa povu, joto linapanda na gia zinaingia kwa kigugumizi. Ikipungua, klachi zinateleza. Ukishajaza, washa injini, ingiza D, kisha R, rudi N, halafu pima ikiwa baridi, kati ya nyuzijoto 16 na 49, ili tu kujua kama ni salama kuendesha. Kipimo cha mwisho ni cha moto, nyuzijoto 71 hadi 93, injini ikinguruma bila kukanyagwa. Kwenye selekta (kichagua gia) ya vibonyezo yenye sensa ya oili, bonyeza mishale miwili kwa pamoja na usubiri kama dakika mbili: "oL oK" ni sawa, "Lo" na namba ni upungufu, kila tarakimu ikiwa karibu lita moja.

Mwisho, futa kumbukumbu ya maisha ya filta na ya oili kwa kushikilia kitufe cha MODE kama sekunde 10, kila moja kwenye ukurasa wake. Mfumo huo wa kompyuta, unaotahadharisha muda wa oili na filta unapokwisha, umepangwa kwa oili na filta zilizoidhinishwa. Kama umeweka oili ya madini, uzimwe kwa mashine ya kusomea kompyuta, na saa za injini ziandikwe kwenye daftari la gari.