Kuchagua pistoni za injini ya tabo kabla bloku haijachongwa

Kosa la ghali kuliko yote katika kufufua injini ya tabo, yaani yenye feni ya kusukumia hewa ndani ya silinda, hufanyika dukani, hata spana haijashikwa. Mtu anataja jina la gari, muuzaji anauliza saizi, anajibiwa "stendi" (saizi ya kiwandani) au "hamsini" (iliyozidi kwa milimita 0.50), pesa inatoka. Lakini kipenyo ni jambo moja tu kati ya mengi. Pistoni inaweza kuteremka kwenye silinda vizuri kabisa na isiwe ya injini hiyo.

Mfano tunao kwenye Land Cruiser zinazopita kila siku barabara ya Tanga–Segera. Injini za 1HZ na 1HD-T zote zina silinda ya milimita 94, na pistoni husafiri milimita 100. Ila 1HZ haina tabo, na dizeli yake huanza kuwaka kwenye chemba ndogo ndani ya silinda hedi. 1HD-T hupuliza dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, ndiyo maana pistoni yake ina bakuli kichwani. 1KZ-TE na 1KD-FTV ni hivyo hivyo: zote 96 kwa 103, pistoni hazikaribiani. Basi taja jina kamili la injini, herufi na namba zilizogongwa kwenye bloku (mwili wa injini wenye silinda), na uende dukani na pistoni ya zamani mkononi.

Isome pistoni iliyokufa

Pistoni ya zamani usiitupe wala usiisugue mpaka uijue imekufa kwa nini. Ukikuta ukuta kati ya ringi (pete zinazoizunguka pistoni kuziba silinda) ya kwanza na ya pili umemeguka, ugonjwa unaojulikana kwa injini za EJ20 za tabo za Subaru, petroli ilikuwa ikilipuka ovyo badala ya kuwaka kwa mpangilio. Huenda presha ya tabo imepandishwa, mafuta hayatoshi, au injini iliyopangiwa petroli ya daraja la juu ya Japani inanyweshwa dhaifu. Kichwa cha pistoni ya dizeli kilichoyeyuka upande mmoja kinakupeleka kwenye nozeli inayopuliza dizeli: inavuja au inapuliza mkondo badala ya ukungu. Sketi, ubavu wa chini wa pistoni, iliyochubuka pande zote mbili ina maana injini ilichemka au nafasi kati ya pistoni na silinda ilikuwa finyu. Ncha za ringi zikiwa zimeng'aa kama kioo, zilikuwa zinagusana.

Chanzo kisipoondolewa, pistoni mpya zitafuata njia ile ile. Za bei kubwa zitachelewa kidogo tu. Kosa ambalo halionekani ukizunguka mitaa ya Ngamiani mjini Tanga hujitokeza gari likipandisha mzigo kutoka Mombo kwenda Lushoto, tabo ikisukuma muda mrefu bila kupumzika.

Za kumimina au za kufua

Pistoni za kumimina, zilizotengenezwa kwa aluminiamu iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, ndizo zinazotoka kiwandani kwa magari mengi. Hutanuka kidogo, huhitaji nafasi ndogo, hazipigi kelele asubuhi. Za kufua, zilizokandamizwa kwa nguvu zikiwa gumu, hustahimili mapigo zaidi, na aloi zake mbili zinazokutwa sana ni 4032 na 2618. 4032 ina silikoni takriban asilimia 12, hivyo haitanuki sana. 2618 karibu haina silikoni. Ni sugu zaidi, lakini hutanuka zaidi na hudai nafasi kubwa, kwa hiyo injini ikiwa baridi utaisikia ikigonga.

Kama presha ya tabo ni ile ya kiwandani, nunua za kumimina zenye ubora wa kiwanda. Gari la kwenda kazini na kurudi halina haja ya 2618. Za kufua zina maana presha ikipandishwa kweli, na hapo utagharamia pia kupanga upya mafuta na majira ya kuwasha.

Pima, nunua, ndipo uchonge

Pima kila silinda sehemu tatu, juu, katikati na chini, na kila sehemu pande mbili, kwa geji ya saa ya silinda na maikromita. Vernia haitoshi kwa kazi hii. Vipimo vikionyesha uyai (silinda si duara tena) au mteremko (juu na chini havilingani) kupita kiwango cha kitabu cha injini, amua ovasaizi, yaani pistoni iliyozidi saizi ya kiwandani: milimita 0.25, 0.50, na kwa bloku nyingine hadi 1.00. EJ20 usiipeleke zaidi ya 0.50, kuta zake ni nyembamba.

Agiza pistoni zikufikie kwanza, ndipo bloku iende kuchongwa. Bloku huifuata pistoni. Mchongaji aipime kila pistoni kwenye sketi, mkabala na pini, kwenye kimo kinachotajwa na karatasi ya mtengenezaji, kisha aongeze nafasi inayotakiwa. Za kumimina za petroli mara nyingi hutaka chini ya milimita 0.05, za 2618 mara nyingi 0.07 hadi 0.10. Karatasi ya boksi ndiyo yenye neno la mwisho.

Hapa joto la Tanga linaingia kazini. Pistoni ya milimita 92 iliyoachwa juani ikawa na joto la nyuzi 20 zaidi ya bloku iliyo kivulini hukua karibu milimita 0.04. Fundi akichonga kwa kipimo hicho, silinda inatoka pana na hakuna wa kuirudisha. Laza pistoni na bloku chumba kimoja usiku kucha, pima asubuhi.

Ovasaizi hubadilisha mgandamizo pia, ila kidogo. EJ20 yenye 8.5 kwa 1 ikipanuliwa kutoka 92 hadi 92.5 hufika takriban 8.58, kama kichwa cha pistoni kina umbo lile lile. Hatari kubwa ni kimo kutoka katikati ya pini hadi kichwani. Pistoni ndefu kwa nusu milimita kwenye dizeli inaweza kugonga valvu au hedi. Funga pistoni bila hedi, ifikishe juu kabisa, pima kwa geji ya saa inachomoza kiasi gani juu ya bloku. Rudia zote, kisha chagua unene wa gasketi kwa ile iliyochomoza zaidi.

Geuza pistoni uitazame kwa chini. Injini nyingi za tabo zina bomba dogo linalorusha oili chini ya pistoni. Sketi lazima iwe na pengo la kupitisha bomba hilo, na pistoni nyingi za dizeli huwa na mfereji wa kupooza uliozunguka ndani ya kichwa. Pistoni isiyo na tundu la kuingiza oili wakati ya zamani ilikuwa nalo, rudisha. Tazama pia mfereji wa ringi ya kwanza: kwenye dizeli ya tabo nyingi umezungushiwa pete ya chuma ndani ya aluminiamu. Bandia nyingi hukosea hapo. Ziweke zote kwenye mizani ya jikoni ya kidijitali. Za petroli zikipishana zaidi ya gramu 2 au 3, omba seti nyingine.

Ringi

Nafasi ya ncha, yaani pengo kati ya ncha mbili za ringi ikiwa ndani ya silinda, usiiachie kiwanda. Kwa petroli ya tabo ya barabarani, zidisha kipenyo kwa 0.005 kwa ringi ya juu na 0.0055 kwa ya pili: silinda ya 92.5 inapata 0.46 na 0.51. Dizeli ifuate kitabu chake. Sukuma ringi kwa kichwa cha pistoni hadi sentimita 2 ndani ya silinda ikae sawa, pima kwa filageji (vipande vyembamba vya kupimia pengo), na kama ni finyu piga tupa ncha moja, ukielekeza tupa ndani. Nafasi iliyozidi kidogo huvuta moshi kidogo. Iliyopungua huvunja pistoni.

Bloku ikirudi kutoka kuchongwa, ioshe kwa maji ya moto na sabuni, kausha, paka oili kila silinda papo hapo na uifunge kwa nailoni. Kwa upepo wa chumvi wa huku, chuma kitupu huamka na kutu.