Kutafuta nguo za zamani Gikomba, hatua kwa hatua

Binamu yangu alikuja kutoka Mombasa akitaka koti la sufu la zamani, si la kuigiza uzamani. Nikamzungusha Gikomba, soko kubwa la mitumba la Nairobi, na maswali aliyoniuliza njiani ndiyo yaliyozaa mwongozo huu. Anayetaka fulana za bei poa haumhusu; huyo aelekee popote anaposikia mtu anaimba "hamsini, hamsini". Huu ni wa anayetaka nguo iliyoshonwa kabla ya mwaka 2000 hivi, na hataki kulipa mara nne kwa sababu mtu mwingine ameipiga picha nzuri na kuiweka Instagram.

Hatua ya 1: Pima nguo zako nyumbani

Toa kabatini zile zinazokukaa vizuri kuliko zote: shati, suruali, koti. Zilaze kitandani uzipime: kwapa hadi kwapa, bega hadi bega, kiuno, urefu wa mkono. Andika kwenye karatasi na ubebe tepu ya fundi. Saizi iliyoandikwa kwenye nguo ya zamani haina maana, kwani gauni la Uingereza la miaka ya 1970 lililoandikwa 14 ni dogo kuliko 14 ya leo. Chumba cha kujaribia hakuna, kwa hiyo vaa taitsi na fulana ya kubana uweze kujaribu juu yake hapo hapo kibandani. Anayekwambia jicho linatosha ana kabati lililojaa nguo asizovaa.

Hatua ya 2: Chagua saa

Kila mtu atakwambia uende alfajiri. Mimi siendi.

Robota la mitumba huwa na uzito wa kilo 45 hivi, na likikatwa kamba alfajiri wanaolizunguka ni wachuuzi wanaonunua ili wauze tena. Hao hubeba kamera ya kwanza, yaani vipande bora. Zinazofuata ni kamera ya pili, na makombo ya mwisho ndiyo fagia. Sasa angalia kamera huchaguliwa kwa jicho gani: jicho la mteja wa leo. Jinzi, jezi za mpira na majaketi yenye majina makubwa kifuani huondoka na vijana wa TikTok kabla jua halijachomoza, na hutawashinda. Lakini koti zito la sufu, sketi ya marinda yenye bitana au blauzi ya hariri yenye kola ndefu mara nyingi huonekana ni nguo ya shosho, yaani ya bibi. Huteremka hadi kwenye rundo, na bei huteremka nayo.

Mimi hufika saa tatu au saa nne asubuhi. Muuzaji ameshapata hela yake ya kwanza, msongamano umepungua, na mwanga unatosha kuona doa. Kama mvua imenyesha usiku, ahirisha. Tope la Gikomba si la mchezo.

Hatua ya 3: Ingia

Kutoka kituo cha Machakos Country Bus unatembea tu. Noti ndogo ndogo ziwe mfuko wa mbele, simu iwe ndani kabisa. Ukisikia "kando, kando!" nyuma yako, sogea kwanza ndipo ugeuke kutazama; mkokoteni hauna breki. Ukifika kwenye vibanda uliza robota ni la wapi. La Uingereza lina makoti na sweta, la Marekani na Kanada lina jinzi na sweta nzito za pamba. La China mimi hulipita.

Hatua ya 4: Tumia mkono kabla ya jicho

Pitisha mkono kwenye rundo bila kuangalia rangi. Sufu, kitani na pamba nzito utazihisi. Vuta hizo tu.

Hatua ya 5: Soma lebo (hapa ndipo muda huishia)

Nguo nyingi mpya hushonwa zionekane za zamani, kwa hiyo sura peke yake haitoshi. Anza na lebo ya shingoni, kisha tafuta ile ndogo iliyoshonewa ndani ya mshono wa ubavuni. Watu hukata ya shingoni na kuisahau ya ubavuni.

Rahisi kuliko zote ni St Michael. Hilo lilikuwa jina la nguo za Marks & Spencer, maduka ya Uingereza, na lilitumika hadi mwaka 2000, na katika marobota ya Uingereza halikosekani. Ukiliona, karibu kila mara nguo imevuka miaka 20. Lakini halikwambii zaidi ya hapo: lilianza kutumika mwaka 1928, kwa hiyo amua kwa kitambaa na mtindo kama ni ya 1975 au ya 1998.

La pili ni jina la nchi. "Made in West Germany" ni kabla ya Ujerumani kuungana mwaka 1990. Czechoslovakia ilivunjika mwishoni mwa 1992. Hapo hakuna ubishi.

La tatu linahitaji tahadhari. Kwa nguo za Marekani, sheria ya kuweka maelezo ya kufua ilianza kutumika mwaka 1972, na alama za michoro (beseni, pasi, pembetatu) ziliruhusiwa kusimama badala ya maneno mwaka 1997. Kwa hiyo nguo ya Kimarekani yenye michoro mitupu haiwezi kuwa ya miaka ya 1980. Yenye maneno matupu huenda ni ya zamani, huenda si ya zamani, kwa sababu hakuna aliyewakataza watengenezaji kuendelea na maneno. Na isiyo na maelezo yoyote inaweza kuwa ya kabla ya 1972, au imekatwa lebo tu: chunguza kama kuna vipande vya uzi vilivyobaki kwenye mshono. Tena usiipeleke kanuni hii kwa nguo za Ulaya. Kule michoro ilitumika miaka mingi kabla ya Marekani, na nimewaona watu wakitupa sweta safi la Kifaransa la miaka ya 1970 wakidhani ni la juzi.

Namba ya RN kwenye lebo za Marekani huwachanganya wengi. Ni namba ya kampuni, si ya nguo. Kampuni iliyosajiliwa mwaka 1965 inaweza kuwa ilishona shati lako mwaka 2010. Namba hiyo inakupa mwaka ambao nguo haiwezi kuwa imetangulia, basi. Lebo ninayoiamini kuliko hiyo ni ya chama cha wafanyakazi wa nguo za wanawake, yenye herufi ILGWU. Chama hicho kiliungana na kingine mwaka 1995 na jina likaisha, kwa hiyo gauni lenye lebo hiyo haliwezi kuwa la baada ya hapo.

Jinzi za Levi's: kijilebo chekundu cha mfuko wa nyuma kilikuwa na E kubwa hadi mwaka 1971, kisha ikawa "e" ndogo. Kila mtu anaijua hii, na ndiyo sababu inadanganya, maana kampuni yenyewe hutoa upya mitindo ya kale ikiwa na E kubwa. Ukiona E kubwa, geuza suruali usome lebo ya ndani. Ikiwa na michoro ya kufulia, usisisimke: huenda ni toleo jipya. Kwa fulana, pindo lenye mstari mmoja wa uzi huashiria kabla ya katikati ya miaka ya 1990, ila wanaoigiza nao wameijua. Shingo isiyo na lebo ya kitambaa, yenye maandishi yaliyochapwa, ni ya miaka ya 2000 kuja huku.

Kama huna uhakika wa kitambaa, chomoa uzi ndani ya mshono uuchome nyumbani: sufu hunuka nywele zilizoungua na jivu lake hupukutika, poliesta huyeyuka ikawa kidonge kigumu. Nyumbani, nimesema. Gikomba imeungua mara nyingi mno. Ukiwasha kiberiti mle utafukuzwa, na ni haki yao.

Hatua ya 6: Kagua kasoro

Inua nguo dhidi ya jua utafute matundu ya nondo. Tundu moja pindoni linafumika, matano mgongoni achana nayo. Kola iliyochakaa isikutishe: fundi huifumua, akaigeuza upande wa ndani, akaishona tena. Zipu ya chuma iliyokwama isugue kwa mshumaa. Vifungo si tatizo. Matatizo ni mawili: jasho la kwapani kwenye hariri, kwani kitambaa hapo kimeshakufa, na bitana iliyochanika yote, kwani kuibadilisha kunaweza kukugharimu kuliko koti lenyewe. Viatu vya zamani vyenye soli za povu viache. Soli hupukutika ndani ya wiki.

Hatua ya 7: Bei

Usitaje mwaka wa nguo, wala usitabasamu. Uliza bei ukiwa umeshika vitu viwili, kimoja usichokitaka. Akisema 500, sema 250. Atakwambia "ongeza kitu, siste", nawe uongeze 50. Ukishalipa, huwa haibadilishwi.

Hatua ya 8: Kufua

Usiiweke kabatini kabla ya kuifua. Sufu itie kwenye mfuko wa plastiki, uufunge vizuri na uuweke kwenye friza siku tatu ili mayai ya nondo yafe, kisha fua kwa maji baridi na sabuni laini. Usikamue. Ilaze juu ya taulo, kivulini. Pamba haina masharti.

Koti lenye pedi mabegani usilitie kwenye beseni. Lipeleke drai-klina, lakini kwanza kata vifungo vya plastiki vya zamani, maana baadhi huharibiwa na dawa zao. Vitie kwenye bahasha, kisha uvishone tena koti likirudi.