Konsoli au kompyuta ya gemu ya bei nafuu: hatua za kufuata kabla ya kutoa fedha

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia jirani yangu hapa Dar es Salaam, mama wa kijana wa kidato cha pili, kumchagulia mwanawe mashine ya gemu. Fedha aliyokuwa nayo haikutosha PS5 (PlayStation 5) mpya, na kila muuzaji aliyemwendea Kariakoo alimsifia kile kilichokuwa dukani kwake. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: ikiwa nyumbani hakuna kompyuta na kuna mwanafunzi, nunua kompyuta, ikiwa kompyuta ya masomo tayari ipo, nunua konsoli (mashine ya gemu ya kuunganisha na TV, kama PS4) yenye sehemu ya kuingizia diski.

Hatua ya 1: Andika majina ya gemu

Mwulize mchezaji mwenyewe atacheza nini na atacheza na nani. Counter-Strike 2 na Dota 2 hazipo kwenye konsoli, kwa hiyo anayezitaka hana sababu ya kuendelea kusoma habari za PS4. Kwa wapenzi wa mpira jambo ni gumu zaidi, kwa sababu gemu kama EA Sports FC 25 ipo pande zote mbili, lakini mchezaji wa kompyuta hukutanishwa mtandaoni na wa PS5 na Xbox Series, wala hawezi kucheza na rafiki yake mwenye PS4. Kama vijana wote wa mtaani wana PS4, kompyuta, hata iwe nzuri kiasi gani, haitamwingiza katika ligi yao.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya gharama zinazofuata

Bei ya mashine ni mwanzo tu. Kwenye PlayStation, kucheza mtandaoni gemu za kununua kunahitaji uanachama wa kulipia wa PlayStation Plus, ingawa gemu za bure kama Fortnite na eFootball hazidai uanachama huo. Kwenye kompyuta ada ya namna hiyo haipo. Fahamu pia kwamba Tanzania na Kenya hazimo katika orodha ya nchi za duka la PlayStation, ndiyo maana watu hufungua akaunti za nchi nyingine, kama vile Afrika Kusini au Uingereza, na kadi ya malipo utakayonunua ni lazima iwe ya nchi ileile ya akaunti. Kadi ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Uingereza.

Halafu kuna bando. FC 25 peke yake inataka nafasi ya GB 100 kwenye kompyuta, na anayetegemea bando la simu ataumia. Hapa ndipo konsoli yenye diski inaposhinda: sehemu kubwa ya gemu hunakiliwa kutoka kwenye diski yenyewe, na ukiichoka unaiuza au unabadilishana na mwenzako. Kwa sababu hiyo simshauri mtu yeyote asiye na intaneti ya nyumbani isiyo na kikomo kununua Xbox Series S au PS5 isiyo na diski, hata akiipata kwa bei ya kuvutia.

Upande wa umeme, PS5 hutumia takriban wati 200 wakati wa gemu nzito, na kwa saa 3 kila siku hiyo ni kama uniti 18 kwa mwezi. Kwa familia iliyo katika ushuru wa D1 wa TANESCO, yaani ushuru wa nafuu kwa matumizi madogo ya nyumbani, ambao ukomo wake ni uniti 75 kwa mwezi, hilo si jambo dogo. PS4 Slim haifiki nusu ya matumizi hayo.

Hatua ya 3: Ukichagua konsoli iliyotumika

Chukua PS4 Slim badala ya ile nene ya mwaka 2013. Ijaribu kwa diski halisi walau nusu saa huku ukisikiliza feni, chezesha kidogo waya wa HDMI uone kama picha inakatika, na iingize mtandaoni kwa akaunti yako mbele ya muuzaji, kwa kuwa konsoli iliyofungiwa na mtengenezaji haitaunganishwa.

Hatua ya 4: Ukichagua kompyuta

Njia ya bei nafuu ninayoiamini ni kompyuta ya ofisi iliyotumika, Dell OptiPlex au HP EliteDesk, kisha kuiongezea kadi ya grafiki, kipuri kinachochora picha za gemu. Kompyuta zinazouzwa zikiwa na taa za rangi na kioo ubavuni, bila maelezo ya vipuri vilivyomo, ziache. Hapa soma polepole, maana fedha nyingi hupotea katika hatua hii.

Anza na kizazi cha prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Chukua Intel Core i5 ya kizazi cha 8 au zaidi, kwa sababu Windows 11 haizitambui rasmi za nyuma yake, na Windows 10 ilimaliza muda wake wa kawaida wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa majina ya mashine, hiyo ni OptiPlex 7060 au EliteDesk 800 G4. OptiPlex 7050 inafanana nayo sana kwa sura, lakini ni ya vizazi vya 6 na 7.

Kisha tazama umbo. Mashine hizi huuzwa katika mnara mpana na katika umbo jembamba, na wauzaji wengi huwa na zile nyembamba kwa wingi. Katika umbo jembamba kadi ya kawaida haiingii kabisa. Utahitaji kadi fupi ya nusu kimo, ambayo ni adimu na ghali zaidi. Tafuta mnara, hata kama itakubidi urudi siku nyingine.

Sasa fungua ubavu wa mnara na usome kibandiko cha pawasaplai, kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Pale dukani tulimulika kwa tochi ya simu, na kibandiko kilisema wati 260. Kiasi hicho kinatosha, lakini pawasaplai hizi kwa kawaida hazina waya wa pini 6 wa kulisha kadi ya grafiki, na plagi zake ni za mtengenezaji mwenyewe, kwa hiyo fundi hawezi kukuwekea ya kawaida bila adapta. Tundu la PCI Express, ambamo kadi huchomekwa, hutoa wati 75 zisizozidi. Kadi yako ni lazima iishi ndani ya kiwango hicho: GTX 1050 Ti au GTX 1650, zote za GB 4. Tahadhari: baadhi ya matoleo ya kadi hizi, hasa GTX 1650, yana tundu la pini 6, na hayo hayatakufaa. Geuza kadi uangalie ukingo wake wa juu kabla ya kulipa. Ukiambiwa kuna adapta ya kuchukua umeme kutoka kwenye waya wa diski, kataa, kwa sababu waya ule haukuundwa kubeba mzigo huo na unaweza kuungua. RX 6400 nayo haihitaji waya wa ziada, lakini inatumia njia 4 tu za PCI Express, na kwenye mashine hizi, ambazo PCI Express yake ni ya toleo la 3, nguvu yake hupungua.

Linalofuata ni kadi bandia. Zipo kadi za zamani zilizobadilishiwa programu ya ndani ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti, na Windows huonyesha jina hilo la uongo bila kusita. Weka programu ya GPU-Z kwenye flashi, iendeshe palepale dukani, na kama neno FAKE linatokea mbele ya jina la kadi, iache. Baada ya hapo fungua gemu yoyote nzito uiache iende hadi kadi ipate joto, kwa kuwa kadi iliyochoka huonyesha madoadoa kwenye skrini ikishapata moto.

Waya wa skrini uchomeke kwenye kadi ya grafiki yenyewe, wala si kwenye tundu la mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), la sivyo kadi uliyoilipia haitafanya kazi ya gemu. Kadi hizi hazina tundu la VGA, basi skrini iwe na HDMI. RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) iwe GB 16 kwa vipande viwili vya 8, na SSD (hifadhi ya mafaili na gemu) isipungue GB 500.

Jirani yangu alichukua mnara wa 7060 na GTX 1650, kwa sababu nyumbani kwake hapakuwa na kompyuta na kijana anaihitaji kwa masomo.

Hatua ya 5: Linda mashine dhidi ya umeme

Nunua UPS, kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme kwa muda ukikatika, si stebilaiza peke yake, kwa sababu stebilaiza haisaidii chochote umeme ukikatika ghafla. Kwa PS4 iliyozimika katikati ya gemu na sasa inagoma kuwaka vizuri, izime, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka usikie mlio wa pili, unganisha pedi kwa waya, kisha chagua Rebuild Database, ambayo ni ya 5 katika orodha. Chaguo hilo halifuti gemu zako. Usiguse la 6 wala la 7, ambayo hufuta kila kitu.