Kupanga na kuhifadhi vyungu vya maua vinavyozidi kuongezeka

Vyungu haviongezeki kwa kununuliwa tu. Mche ukihamishiwa kwenye chungu kikubwa, kile kidogo hubaki. Ndoo ya rangi ikiisha hutobolewa matundu. Jirani akihama huacha vyake. Misimu miwili mitatu ikipita, nyuma ya nyumba kuna rundo, na mwenye nyumba ananunua kipya kwa sababu kukitafuta chungu ni kazi kuliko kukinunua.

Mwongozo huu ni wa rundo la vyungu kati ya 50 na 150 vya plastiki, udongo na saruji, kwenye uwanja wa nyumba ya kawaida ya Pwani: Dar es Salaam, Tanga, Mombasa. Huko jua, mvua na mbu ndio wanaoamua chungu kikae vipi.

Hatua ya 1: Bomoa rundo

Chagua siku kavu. Vaa glavu nene na viatu vya kufunika vidole. Nge na tandu hupenda kivuli chenye unyevu kilicho kati ya vyungu viwili, kwa hiyo kigonge na ukipindue kwa fimbo kwanza, ndipo ushike. Tandaza turubai, mwaga udongo wa zamani juu yake.

Udongo uliotoka kwenye nyanya, pilipili au bilinganya zilizonyauka ghafla zikiwa bado za kijani usiurudishe bustanini wala kwenye mboji. Bakteria wa mnyauko huishi humo muda mrefu. Utie kwenye gunia peke yake.

Plastiki zilizong'ang'aniana usizivute kwa nguvu, utapasua ukingo. Tia maji baridi ndani ya chungu cha ndani, mwagia cha nje maji ya moto (si ya kuchemka), kisha zungusha taratibu. Cha nje hutanuka, cha ndani husinyaa, vinaachana.

Hatua ya 2: Chuja bila huruma

Chungu cha udongo kininginize kwa kidole kilichopita kwenye tundu la chini, ukigonge kwa kifundo cha kidole. Kizima hulia kama kengele. Chenye ufa hutoa sauti butu, hata kama ufa wenyewe huuoni. Cha namna hiyo ukikijaza udongo mbichi na maji kitaachia siku moja.

Plastiki ibonye ukingo kwa kidole gumba. Ikipinda na kurudi, ni nzima. Ikitoa mlio wa kukatika au ikiweka alama nyeupe palipopinda, jua limeshaila. Hata ukiihifadhi kivulini haitapona, itazidi kuvunjika vipande vidogo vitakavyobaki kwenye udongo. Itenge iende kwa wanunuzi wa plastiki chakavu. Makopo ya bati yaliyotoboka kwa kutu nayo yaondoke.

Hatua ya 3: Osha, kisha ua vimelea

Hapa wengi hukosea mpangilio. Wanachovya vyungu vichafu moja kwa moja kwenye jiki, na dawa inaisha nguvu ikipambana na udongo na mizizi kabla haijafika kwenye vimelea. Fuata hivi:

1. Sugua kikavu kwa brashi ngumu, ndani na nje.
2. Osha kwa maji na sabuni, kisha suuza.
3. Loweka kwenye jiki: lita 1 kwa lita 9 za maji, dakika 10 kwa plastiki, 30 kwa udongo. Maji yakichafuka, changanya mengine.
4. Suuza. Vya udongo viloweke tena saa chache kwenye maji matupu, kwa sababu hunywa dawa.
5. Anika. Plastiki hukauka siku hiyohiyo. Udongo upe siku mbili hadi tatu za jua.

Ukoko mweupe kwenye vyungu vya udongo ni chumvi na chokaa, na mahali penye maji ya kisima yenye chumvi hurudi haraka. Unatoka kwa siki na maji nusu kwa nusu, nusu saa, kisha brashi. Fanya hilo kabla ya jiki na suuza vizuri katikati. Siki na jiki zikikutana hutoa gesi ya klorini, nayo huumiza mapafu.

Brashi ina kazi nyingine pia. Mbu wa *Aedes aegypti*, anayeeneza dengue, hubandika mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji. Mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi, maji yakirudi yanaanguliwa. Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019, na vyombo vya nyumbani vinavyotuama maji ndiyo mazalia anayoyapenda mbu huyu.

Hatua ya 4: Panga kwa mdomo

Pima kipenyo cha mdomo. Kimo hakisaidii sana, kwa kuwa vyungu hupachikana kwa mdomo. Makundi manne yanatosha: chini ya sm 12, sm 12 hadi 18, sm 19 hadi 28, na zaidi ya hapo. Ndani ya kila kundi tenga plastiki na udongo. Ukigawa zaidi, mpangilio hauishi mwezi.

Hatua ya 5: Tengeneza kichanja

Rafu ya mbao pana hushika maji. Kichanja cha fito hupitisha maji na hewa. Hiki kina urefu wa sm 180, kimo cha sm 150 na ngazi tatu:

- Mbao 2x3 zenye dawa, futi 12: 4
- Mbao 2x2 zenye dawa, futi 12: 8
- Bolti za inchi 5 na washa zake: 18
- Misumari ya inchi 4: kilo 1
- Matofali: 6

Kata miguu sita ya sm 150 kutoka kwenye 2x3 tatu. Kila mbao itabakiza kipande cha sm 60 na ushee. Kila kimoja toa mbao ya kukatiza ya sm 56. Sita zilizobaki zinatoka kwenye 2x3 ya nne. Funga miguu miwili miwili kwa mbao tatu za kukatiza, kwenye kimo cha sm 15, 70 na 125, bolti moja na msumari mmoja kila kiungo. Utapata fremu tatu.

Zisimamishe, moja katikati. Kata 2x2 ziwe fito za sm 180, uzipigilie tano kila ngazi katikati ya miguu, mwanya wa sm 4. Toboa kwanza kwa drili, la sivyo ncha zitapasuka. Utabaki na ufito wa kumi na sita: upigilie mshazari nyuma, kutoka chini ya mguu wa mwisho hadi juu ya mguu wa kati. Bila huo kichanja kitayumba.

Kila mguu ukae juu ya tofali. Penye mchwa wengi, weka kati ya mguu na tofali kikopo chenye grisi. Maji yasitumike humo. Utakuwa umefuga mbu. Mahali pazuri ni chini ya upenu, upande usiopigwa na jua la mchana.

Hatua ya 6: Weka vyungu mahali pake

Plastiki ndogo zipachike kumi na tano hadi ishirini, zilaze kwa ubavu na midomo ielekee kwako, ikiinama chini kidogo. Ukihitaji kimoja unachomoa cha mbele. Ziwe ngazi ya juu. Za kati zifuate ngazi ya pili, zisizidi sita kwa safu, na kipande cha gunia kati ya kimoja na kingine ili zising'ang'aniane.

Vya udongo vikae ngazi ya chini, kichwa chini. Visivyofika sm 18 unaweza kupachika vitatu kwa gunia katikati. Vikubwa visipachikwe kabisa: chungu kilichonywa maji hukwama, na kukitoa ni kukivunja.

Vya saruji haviendi kichanjani. Cha sm 40 kinaweza kuzidi kilo 30, na ukikinyanyua kwa ukingo, ukingo unabaki mkononi. Kiburute juu ya gunia, kigeuzwe na watu wawili, kikae juu ya vipande viwili vya mbao.

Angalia pia kitako cha vyungu visivyo na tundu. Vingi vina bonde dogo chini, na ukivigeuza bonde hilo linakuwa bakuli la maji. Hivyo vilazwe kwa ubavu. Visahani vya kuwekwa chini ya vyungu navyo visilazwe hata siku moja. Visimamishe kwenye kreti ya soda iliyotolewa vigawanyo.

Viriba, yaani vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche, vilivyotumika vikikauka, vihesabu hamsini hamsini, funga kwa mpira, tia kwenye ndoo yenye mfuniko. Panya huvitafuna kutengenezea viota.

Kichanja kikijaa, usiongeze ngazi ya nne. Vyungu vyeusi vidogo vinavyozidi vipeleke kwa muuza miche wa jirani, vikiwa vimeoshwa na kufungwa kwa saizi. Wengi huvipokea, na wengine watakubadilishia kwa mche.