Grafu ya IELTS inayowakwamisha wauguzi wetu Uingereza

Wauguzi wengi wa Kitanzania na Kikenya ninaowafahamu hapa Uingereza wakifanya IELTS, mtihani wa Kiingereza unaotakiwa ili usajiliwe kama muuguzi, hawakwami kwenye kusikiliza wala kuzungumza. Wanakwama kwenye uandishi, na hasa kwenye ile grafu ya mwanzo ambayo kila mtu anaidharau. Mimi nimo. Sehemu nyingine tatu zilikuja vizuri, uandishi ukaja 6.0, na Baraza la Uuguzi na Ukunga la hapa, NMC, linataka 6.5 kwenye uandishi na 7.0 kwenye hizo nyingine. Nusu bendi, yaani nusu alama, ikaniacha wodini kama msaidizi, napima presha na kubadilisha mashuka, huku leseni yangu ya nyumbani imekaa kabatini. Ilikuwa kabla ya mabadiliko ya 2023 nitakayoyataja mbele, kwa hiyo mlango wa uthibitisho wa mwajiri haukuwapo.

Ya taratibu tuyamalize haraka. Hakikisha unajisajili IELTS ya Academic, si General Training, maana ile ya General haina grafu kabisa, ina barua, na NMC haiitaki. Pasipoti uliyojisajilia ndiyo utakayoingia nayo chumbani. Matokeo yanaishi miaka 2. Ukipata nafasi ya kufanya kwa kompyuta, fanya, kwa sababu idadi ya maneno inaonekana kwenye skrini na hupotezi muda kuhesabu kwa kidole.

Jambo moja kwa ndugu zetu walioko nyumbani, na nasema kwa heshima. Shangazi zangu, wajomba zangu, hakuna "mtu wa ndani" anayeuza matokeo ya IELTS. Chuo au baraza linalopokea cheti hukihakiki moja kwa moja kwenye mfumo wa wenye mtihani. Fedha mnayomtumia yule kijana wa WhatsApp mwenye picha za vyeti imepotea, na binti yenu akikamatwa na cheti cha kughushi, kilichopotea si ada peke yake, ni taaluma yake nzima. Na tafadhali msimuulize tena kwa nini anasoma Kiingereza alichosoma tangu utotoni. Mtihani huu haupimi kama anajua Kiingereza cha kuombea chumvi mezani.

Sasa grafu yenyewe.

Uandishi una dakika 60 na kazi mbili. Ya kwanza ni kueleza grafu, jedwali, chati ya duara, ramani au mchoro wa hatua za kutengeneza kitu, kwa maneno yasiyopungua 150, na unashauriwa kuipa dakika 20. Ya pili ni insha ya maneno yasiyopungua 250, na uzito wake ni mara mbili ya ile ya kwanza. Shika hilo la uzito.

Maelekezo ya kazi ya kwanza hayabadiliki, na ndiyo watu hawayasomi. Yanakutaka ufupishe taarifa, uchague mambo makuu na kuyaripoti, na ulinganishe panapostahili. Ufupishe. Uchague. Ulinganishe. Hakuna mahali panaposema utaje kila namba. Sisi tuliolelewa na mitihani ya NECTA na KNEC tumezoea kwamba kila hoja ina alama yake, na ukiacha hoja umeacha alama. Tunaingia na tabia hiyo, tunaikuta grafu yenye namba kumi na tano, tunazitaja zote kumi na tano kwa mpangilio safi na Kiingereza kisicho na kosa. Msahihishaji anasoma, anatafuta sentensi moja inayosema picha nzima inaonyesha nini, haioni. Kwenye vigezo vyao vilivyochapishwa hadharani, mtu anayeorodhesha takwimu kimashine bila muhtasari wa jumla ulio wazi anaelezewa kwenye bendi ya 5. Mwenye muhtasari ulio wazi wa mielekeo mikuu anaelezewa kwenye bendi ya 7. Sarufi haikuvushi hapo.

Chukua mfano huu, nimeutunga mwenyewe kwa ajili ya mazoezi. Grafu inaonyesha jinsi watu wa mji fulani walivyokwenda kazini. Mwaka 1990, basi asilimia 45, gari binafsi 30, baiskeli 25. Mwaka 2000, basi 38, gari 41, baiskeli 21. Mwaka 2010, basi 24, gari 52, baiskeli 24.

Mtu wetu ataanza: mwaka 1990 basi lilikuwa asilimia 45, likifuatiwa na gari kwa 30, kisha baiskeli kwa 25. Mwaka 2000 basi lilishuka hadi 38, gari likapanda hadi 41... Ataendelea hivyo mpaka namba ya tisa, na atakuwa amefikisha maneno yake 150. Kila alichoandika ni kweli. Ila hajasema jambo ambalo hata mtoto angeliona akikaa mbali na karatasi: gari limechukua nafasi ya basi, na baiskeli haikusogea sana. Hilo ndilo jibu. Hizo namba nyingine zipo kulithibitisha.

Kwa Kiingereza, sentensi yake haihitaji mapambo: "Overall, the car replaced the bus as the main way of travelling to work, while cycling changed very little." Angalia kwamba haina namba hata moja. Namba zinakuja aya inayofuata, na hapo unachagua: basi lilivyopungua karibu nusu, kutoka 45 hadi 24, gari lilivyolipita basi mwaka 2000 kwa tofauti ndogo tu, kisha likafika zaidi ya nusu ya wasafiri wote, baiskeli ilivyoteremka kidogo halafu ikarudi karibu pale pale. Namba zote tisa hazihitajiki.

Wewe muuguzi kazi hii unaijua tayari, unaifanya kila zamu inapobadilishana. Huanzi makabidhiano kwa kumsomea mwenzako vipimo vyote vya mgonjwa tangu alfajiri. Unaanza: mama wa kitanda cha dirishani anazorota, upumuaji umepanda tangu saa nane. Halafu ndipo unatoa vipimo vinavyoonyesha hilo. Hapa wamelipa hilo jina kabisa, wanaliita SBAR, na herufi ya kwanza ni hali ilivyo, kabla ya historia na kabla ya namba. Peleka kichwa hicho hicho kwenye chumba cha mtihani.

Muhtasari huo uweke aya ya pili, mara baada ya sentensi ya utangulizi. Kanuni inaruhusu hata mwisho, lakini mwisho ndipo muda unapoisha, na nimeona watu waliokuwa nao kichwani wakaambiwa waweke kalamu chini kabla hawajauandika. Aya ya pili. Usiuache wa mwisho.

Jeraha la pili linatokana na hilo hilo. Ukiamua kutaja kila namba, dakika 20 hazitoshi. Unajikuta kwenye dakika ya 35 bado unapambana na chati ya tatu, na insha yenye uzito maradufu imebakiwa na dakika 25. Kwa hiyo grafu inakuibia mara mbili: kwenye alama zake yenyewe, na kwenye insha uliyoiandika mbio bila kuirudia. Dakika 20 zikifika, hata kama sentensi haijanyooka, funga na uhame. Maneno 160 hadi 190 yanatosha kabisa. Anayeandika 260 hapati zawadi.

Kuna mtego mwingine wa kwetu sisi. Kwenye Jiografia ya sekondari tulichora grafu ya mazao, kisha swali lililofuata likataka sababu za kushuka. Mkono umezoea. Ukiona basi limeshuka, unaandika kwamba nauli ilipanda au barabara ziliboreshwa. Grafu haikukuambia habari za nauli. Hapa hakuna nafasi ya sababu, hakuna maoni, hakuna ushauri kwa serikali. Andika kilichomo kwenye picha tu. Maoni yako yatunzie insha.

Na soma mhimili kabla ya kushika kalamu. Ukiandikwa kwamba namba ziko kwa maelfu, 45 ni watu 45,000, si watu 45. Tofautisha pia asilimia na pointi za asilimia. Gari kutoka 30 hadi 52 limepanda kwa pointi 22. Ukisema limeongezeka kwa asilimia 22 umekosea, kwa sababu ongezeko lake ni zaidi ya asilimia 70. Miaka ikiwa imepita, tumia wakati uliopita; grafu ikifika 2050, onyesha kwamba ni makadirio. Ramani nayo ina muhtasari wake, yaani mji umegeuka kutoka nini kuwa nini. Mchoro wa hatua nao vilevile: ni hatua ngapi, unaanza na nini na unaishia na nini.

Kuhusu wauza sentensi niwe mkali kidogo. Kituo kimoja cha masomo ya mtandaoni kilituuzia kurasa za sentensi za kukariri, nzito, za kuvutia, eti ubandike namba tu kwenye nafasi zilizo wazi. Wadogo zangu, wasahihishaji wanafundishwa kuyatambua maneno ya kukariri, na hayakuongezei kitu. Maneno unayoyanakili kutoka kwenye swali nayo hayahesabiwi. Ubaya mkubwa zaidi wa hizo kurasa ni kwamba zinakupa kazi ya kutafuta namba za kujaza, kwa hiyo zinakurudisha kule kule kwenye kuorodhesha. Mtu aliyekariri hawezi kuchagua, kwa sababu nafasi za kujaza zimeshamchagulia. Badala ya kulipia hayo, funika namba zote za grafu kwa karatasi, tazama umbo lake peke yake, na useme kwa Kiswahili sentensi mbili kumwambia mtu asiyeiona. Ukishaweza kwa Kiswahili, Kiingereza chake ni kazi ndogo. Mimi niliporudia mtihani nikapita, hicho ndicho kilichokuwa kimebadilika.

Nimejiuliza sana kwa nini Waingereza wanaipenda grafu kiasi hiki. Ni kitu chao. William Playfair, Mskoti, ndiye aliyechapisha grafu za mistari na za nguzo kuhusu biashara mwaka 1786, na chati ya duara mwaka 1801. Florence Nightingale, ambaye sisi wauguzi tunamkumbuka kwa taa, mwaka 1858 alichapisha mchoro wa vipande vya duara kuonyesha vifo vya wanajeshi katika vita vya Crimea. Vipande vya bluu, vya maradhi yaliyoweza kuzuilika, vilifunika vile vyekundu vya majeraha ya vita. Hakuna aliyehitaji kusoma namba zake moja moja ili aelewe kwamba hospitali chafu ziliua zaidi ya risasi. Mwaka 2020, wakati wa korona, taifa zima hapa lilikuwa likikaa jioni mbele ya televisheni kuonyeshwa grafu na Chris Whitty, aliyekuwa mganga mkuu wa serikali wakati huo. Kwenye wodi yetu kuna ubao karibu na mlango wenye chati za wagonjwa walioanguka na za vidonda vya mgandamizo, na ndugu wa mgonjwa wanaisoma wakisubiri kuingia. Mwingereza ni mtu asiyekuuliza habari za nyumbani asubuhi, lakini ukimwonyesha mstari unaopanda anakusikiliza. Utu wa salamu wameupunguza mno, nami sitauzoea. Lakini kuanza na kiini cha jambo ni adabu yao ya kuandika, na mtihani unaipima adabu hiyo.

Hata hivyo sioni haki kumpima mkunga aliyesomea kazi yake kwa Kiingereza kwa habari za mabasi ya mji asioujua. Ndiyo maana nawaambia walio na nafasi ya kuchagua watazame OET, mtihani wa Kiingereza wa watumishi wa afya, ambao NMC inaukubali. Uandishi wake kwa wauguzi ni barua inayotokana na kumbukumbu za mgonjwa, hauna grafu. Kuchagua yaliyo muhimu bado ni lazima, ila unachagua ndani ya mambo unayoyafahamu.

Na tangu Februari 2023 kuna mlango kwa walioko tayari Uingereza. Ukiwa umefanya kazi ya afya au ya malezi hapa kwa angalau mwaka mmoja, mwajiri wako anaweza kutoa uthibitisho wa Kiingereza chako, ikiwa ulisomea uuguzi kwa Kiingereza katika nchi kama zetu au ulikosa alama kwa nusu bendi kwenye sehemu moja. Vilevile unaweza kuunganisha matokeo ya mitihani miwili ndani ya miezi 12, mradi hakuna alama iliyoshuka chini ya kiwango walichokiweka. Wengi wanalipia tena mtihani bila kujua haya. Soma masharti kwenye tovuti ya NMC yenyewe, usiyapokee kwenye kundi la WhatsApp, hata kama aliyeyatuma ni mimi.

Matokeo yakija na ukaona uandishi umeshuka kuliko ulivyoandika, una wiki 6 za kuomba yasahihishwe upya. Unalipa, na alama ikibadilika unarudishiwa fedha yako. Omba pale tu unapokumbuka kwa uhakika kwamba uliandika muhtasari na ukamaliza insha. Kwa waliofanya kwa kompyuta, baadhi ya vituo vinaruhusu kurudia sehemu moja tu ndani ya siku 60. Kabla hujalipa, waandikie barua pepe wanaopokea matokeo yako uwaulize kama wanayakubali ya namna hiyo, na jibu lao ulihifadhi.